Ifahamu Mafia, kisiwa cha papa potwe na magofu ya Kua

Na Mwandishi Wetu

UNAPOZUNGUMZIA utalii wa visiwani hapa nchini, wakazi wengi wa Dar es Salaam huitaja Zanzibar, na wengi wao huishia hapo hapo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kusini mwa jiji lao, mkabala na mdomo wa Mto Rufiji, kipo kisiwa cha Mafia, ambacho ndege ndogo hukifikia kwa muda usiozidi saa moja.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani na makao yake makuu ni mji mdogo wa Kilindoni, ulioko upande wa magharibi. Kisiwa kikuu kina urefu wa takribani kilometa 50, nacho kimezungukwa na visiwa vidogo vikiwamo Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Katika sensa ya mwaka 2012, wilaya hiyo ilikuwa na wakazi 46,438.

Jina la kisiwa huwachekesha baadhi ya wageni. Hata hivyo, halina uhusiano wowote na lile genge la wahalifu la Sicilia, kwani Mafia inatajwa katika masimulizi ya kale ya watawala wa Kilwa, karne nyingi kabla genge hilo halijajulikana duniani.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mgeni anaweza kuyaona na kuyafanya kisiwani humo, wakati unaofaa kwenda, na jinsi ya kwenda bila kukiharibu kile anachokifuata. Hilo la mwisho si dogo, kwa sababu bahari inayowavuta wageni Mafia ndiyo hiyo hiyo inayowapatia wenyeji kitoweo na ada za shule za watoto wao.

Papa asiyemdhuru mtu

Kivutio kinachoitangaza zaidi Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Potwe aliyekomaa anaweza kuzidi urefu wa mita 12, lakini wengi wanaoonekana Mafia ni wadogo wa umri, na wengi wao ni madume.

Pamoja na ukubwa huo, potwe hamdhuru binadamu. Yeye hupanua kinywa na kuchuja viumbe wadogo waeleao majini, wakiwamo uduvi, pamoja na samaki wadogo. Mgongo wake una madoa meupe, na mpangilio wa madoa hayo haufanani kwa potwe wawili, kama alama za vidole zisivyofanana kwa watu wawili. Kwa kupiga picha na kulinganisha madoa, watafiti wamekwisha kuwatambua potwe zaidi ya 100 katika maji ya Mafia.

Msimu wa kuwaona ni kuanzia Oktoba hadi Machi, ambapo hukaribia ufukwe wa Kilindoni kiasi kwamba safari ya mashua huwa fupi. Zamani ilidhaniwa kwamba baada ya msimu huo potwe huhama na kwenda mbali. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya kutoa mawimbi ya sauti vilivyofungwa kwenye miili yao, ulionyesha kwamba wengi hubaki eneo hilo mwaka mzima, ila husogea kwenye maji ya mbali kidogo na ya kina zaidi, wasikoonekana kwa urahisi.

Kwa nini wakae hapo? Wataalamu huhusisha jambo hilo na wingi wa chakula katika mlango wa bahari uliopo kati ya kisiwa na bara. Mto Rufiji humwaga humo maji yenye rutuba, rutuba hukuza viumbe wadogo wa majini, na viumbe hao huwavuta dagaa pamoja na potwe.

Wavuvi wa Mafia wanalifahamu hilo tangu zamani, kwani alipo potwe aghalabu dagaa nao wapo. Kwa sababu hiyo nyavu zao hutupwa karibu na samaki huyo, na mara nyingine hunaswa humo, ikabidi wavuvi wamwachie. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) lilimweka potwe katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba eneo hilo la Kilindoni, wanakokula potwe, liko nje ya mipaka ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Hii ina maana kwamba usalama wa samaki hao unategemea sana nidhamu ya manahodha, waongozaji na wageni wenyewe.

Kanuni zinazofuatwa sehemu nyingi duniani ni nyepesi kuzikumbuka. Muogeleaji akae umbali wa mita tatu au zaidi kutoka mwili wa samaki, na awe mbali zaidi na mkia. Asimguse, asimpande mgongoni, asimzibie njia wala asitumie taa ya kamera. Mashua zisimzingire samaki mmoja, na injini ipunguzwe kasi mapema.

Mgeni anayo nguvu katika suala hili, nayo ni fedha yake. Kabla ya kulipa, amuulize mwongozaji ni watu wangapi watashuka majini kwa pamoja, na watafanya nini wakikuta mashua nyingine imeshatangulia. Mwongozaji anayeahidi kwamba mteja atamshika potwe ni wa kuepukwa.

Bustani iliyo chini ya maji

Upande wa pili wa kisiwa, umbali wa takribani kilometa 14 kutoka Kilindoni kwa barabara, kipo kijiji cha Utende. Hapo ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo ilianzishwa mwaka 1995 chini ya sheria ya mwaka 1994, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilometa za mraba 822.

Ndani yake mna matumbawe, nyasi bahari, mikoko na zaidi ya aina 400 za samaki. Tofauti na mbuga nyingi za wanyama, hifadhi hii ina vijiji ndani yake, na wanavijiji wanaendelea kuvua kwa masharti. Yapo maeneo ambayo uvuvi hauruhusiwi kabisa, na mengine ambayo uvuvi wa zana halali unaruhusiwa.

Kila mgeni anayeingia hulipa kiingilio, na viwango vya raia wa Tanzania ni vya chini kuliko vya wageni wa nje. Ni vyema kutunza stakabadhi hadi siku ya kuondoka.

Anayejua kuzamia kwa mtungi wa hewa atapelekwa Ghuba ya Chole na mlango wake wa Kinasi, ambako maji ya ghuba hukutana na bahari kuu. Kuzamia hapo hufuata saa ya bahari. Maji yanapojaa huingia yakiwa safi na mtu huona mbali. Yanapotoka huwa na mkondo mkali wenye kuweza kumburuta mzamiaji nje. Ndiyo maana ratiba za safari hubadilika kila siku, na mgeni hana budi kumsikiliza nahodha kuliko saa yake ya mkononi.

Asiyejua kuzamia naye hakuachwa nyuma. Kwa miwani na mrija wa kuvutia hewa anaweza kuyatazama matumbawe ya maji mafupi, au akapelekwa kwenye fungu la mchanga la Marimbani, ambalo huibuka maji yanapokupwa na kufunikwa yanapojaa. Hakuna kivuli huko, hivyo kofia, maji ya kunywa na nguo yenye mikono mirefu ni lazima.

Matumbawe hayo yamepitia misukosuko. Mwaka 1998 joto la bahari lilipanda katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi, matumbawe yakapauka, na katika baadhi ya miamba ya Mafia, ukiwamo wa Tutia, sehemu kubwa ilikufa. Ghuba ya Chole iliathirika kwa kiasi kidogo. Anayekwenda leo ataona miamba iliyojaa uhai na mingine ambayo bado inajitibu, na kukanyaga tumbawe moja kwa sekunde chache kunaweza kuharibu kilichochukua miaka mingi kukua.

Chole, kisiwa cha popo

Kutoka Utende, mashua huchukua dakika chache kuvuka hadi kisiwa cha Chole. Ni kidogo kiasi kwamba mtu hukizunguka kwa miguu nusu siku, akipita chini ya minazi, miembe na mibuyu.

Chole iliwahi kuwa makao makuu ya utawala wa Mafia. Katika mapatano ya mwaka 1890, Ujerumani ilimlipa Sultani wa Zanzibar marka milioni nne kwa ajili ya pwani ya bara, Mafia ikiwamo. Wajerumani waliweka makao yao Chole na kujenga majengo ya serikali pamoja na jela. Baadaye, mwaka 1913, walihamia Kilindoni kwa sababu meli zilihitaji bandari yenye kina. Leo mizizi ya miti imezikumbatia kuta za majengo hayo, na baadhi zinasimama kwa sababu tu mizizi inazishikilia.

Kivutio kingine cha Chole ni popo wakubwa walao matunda. Mchana huning'inia kwa mamia juu ya miti mikubwa, na jioni huruka kwa makundi kwenda kutafuta chakula. Popo hao ni wa jamii ipatikanayo Komoro, nao hawapo upande wa bara. Wenyeji wameamua kuilinda miti wanayolala. Mgeni hutakiwa kutazama kwa utulivu. Kupiga makofi au kurusha mawe ili waruke wapigwe picha ni utovu wa adabu.

Kua na kisasi cha harusi

Ng'ambo ya Chole kipo kisiwa cha Juani, na humo ndimo yalimo magofu ya mji wa kale wa Kua. Mji huo ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukiwa na jumba la mtawala, misikiti na makaburi. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, ambao waliuteka, wakawaua watu wengi na kuwachukua wengine utumwani. Haukuinuka tena.

Lakini masimulizi ya wenyeji yanataja laana ya zamani zaidi. Inasimuliwa kwamba watu wa mji wa Kisimani, uliokuwa kusini-magharibi mwa kisiwa kikuu, waliunda chombo kikubwa na kuwaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kukishusha majini. Siku ilipofika, waliwakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani na kukipitisha chombo juu ya miili yao.

Watu wa Kua walinyamaza kwa miaka. Baada ya jambo hilo kuonekana kusahaulika, wakawaalika watu wa Kisimani kwenye harusi, wakawakaribisha katika chumba kilichokuwa chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hadi akabaki mzee mmoja akiwazungumzisha wageni. Mlango ukajengewa kwa mawe kutoka nje, na wote waliokuwa ndani, pamoja na yule mzee, wakafia humo.

Msomaji anaweza kuyachukua masimulizi hayo kama historia au kama onyo kwa vizazi, lakini waongozaji wa Juani huyaeleza papo hapo mbele ya kuta za mji. Mji wa Kisimani wenyewe umeliwa na bahari, na mabaki yake mengi yako chini ya maji.

Aidha, Juani ina mapango ambamo wanaakiolojia, akiwamo Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechimba na kupata vitu vinavyoonyesha kuwa watu waliishi kisiwani humo muda mrefu kabla ya kujengwa kwa Kua.

Fukwe za mashariki za Juani ni mazalio ya kasa. Jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai na kurudi baharini. Baada ya takribani miezi miwili vifaranga huchomoza na kukimbilia majini. Asasi ya Sea Sense, iliyoanza kazi mwaka 2001, iliweka utaratibu ambao mwanakijiji anayetoa taarifa ya kiota hulipwa, na kiota kikiangua salama hulipwa zaidi. Kwa njia hiyo yai lililoachwa mchangani likawa na faida kuliko yai lililochukuliwa kuliwa. Wageni wanaokwenda kushuhudia vifaranga, hasa kati ya Juni na Septemba, huchangia fedha ambazo sehemu yake hurudi kijijini.

Vyombo, mnara na vita ya Wazungu

Jibondo ni kisiwa cha wavuvi na mafundi wa vyombo vya baharini. Ardhi yake ni mwamba na maji baridi ni shida, hivyo wakazi hutegemea ya mvua au yanayovushwa kutoka kisiwa kikuu. Mgeni atawaona mafundi wakiunda majahazi na mashua kwa mkono, na wanawake wakirejea kutoka mwambani na pweza maji yanapokupwa. Anayefika aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na asitumie maji ya wenyeji ovyo.

Kwa upande wa kaskazini, barabara hupita katikati ya mashamba ya minazi hadi Bweni na Ras Mkumbi, ambako Wajerumani walijenga mnara wa taa mwaka 1892. Upande wa mashariki kuna msitu wa Mlola, wenye tumbili, komba na ndege wengi.

Wapenda historia watavutiwa pia na mchango wa Mafia katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka mwezi Januari 1915 na kuigeuza kituo cha kuisaka manowari ya Ujerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika matawi ya Mto Rufiji. Ndege zilizoruka kutoka Mafia zilielekeza mizinga ya meli za Kiingereza, na tarehe 11 Julai 1915 manowari hiyo ikaangamizwa.

Uende lini, uende vipi?

Miezi ya Oktoba hadi Februari ndiyo inayofaa zaidi kwa anayetaka potwe na maji meupe. Mvua za masika za Machi hadi Mei huvuruga safari nyingi, na baadhi ya nyumba za wageni hufungwa. Kuanzia Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, hali ya hewa huwa na ubaridi wa kupendeza lakini upepo huchafua bahari.

Tahadhari ya hali ya hewa si ya kupuuzwa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu katika kisiwa hicho, na kuwakumbusha wengi kwamba Mafia haina kinga dhidi ya dhoruba za Bahari ya Hindi. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zisomwe kabla ya kufunga safari.

Njia ya haraka ni ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi uwanja wa Kilindoni. Njia ya gharama nafuu ni basi hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha chombo cha majini hadi Kilindoni. Msafiri wa njia hiyo apande chombo kilichoidhinishwa, chenye maboya ya kutosha, na asikubali kupakiwa katika chombo kilichozidisha abiria hata kama safari nyingine ni ya kesho yake. Ratiba hutegemea pia maji kujaa na kupwa, hivyo ni busara kuongeza siku moja ya akiba.

Abebe fedha taslimu, kwani nje ya Kilindoni huduma za benki ni haba. Achukue pia chandarua au dawa ya kufukuza mbu. Wakazi wengi ni Waislamu, hivyo mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni, na mwezi wa Ramadhani mgeni aheshimu mfungo wa wenyeji wake.

Zipo hoteli za kifahari Utende ambazo hutoza kwa dola, lakini Kilindoni kuna nyumba za kulala wageni ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuzimudu. Tofauti si ya starehe peke yake. Anayekula katika mgahawa wa mama lishe, akamkodi kijana wa bodaboda na kumlipa mwongozaji wa Juani mkononi, huacha fedha yake moja kwa moja kwa watu wa kisiwa.

Hao ndio wanaoamua kila asubuhi kama wavu utatupwa karibu na potwe au mbali naye, na kama mayai ya kasa yataachwa mchangani au yatapelekwa jikoni. Wakiona faida ya kuvilinda viumbe hivyo, watakaokwenda Mafia baada yetu watavikuta.